Barua kwa mwanangu Somoe: usimsingizie upepo

Mwanangu Somoe, mama'angu,

Huku Mikindani wazima wote, bibi yako mguu umepungua uvimbe, mikorosho imeanza kutoa maua kwahiyo mama yako sa hivi ukimtaka nyumbani humpati. Voisi zako nne nimezisikiliza na ile video nimeiangalia mpaka bando likakata. Kidege chenu cha majaribio kinaenda vizuri tu, yale mabawa marefu membamba yanapinda yanarudi, yanapinda yanarudi, afu ghafla kinaanza kurukaruka kama samaki kwenye dema, paap, bawa hilo chini. Pole sana mama. Najua mmekihangaikia miezi.

Ila voisi ya mwisho imeninyima usingizi. Unasema kwenye ripoti mtaandika upepo ndo ulioangusha. Sasa Somoe, si we mwenyewe kwenye voisi ya pili umeniambia ile sensa, kile kidude kinachoiambia kompyuta ndege imekaaje, mliifunga mahali ambapo bawa linapinda sana, kwahiyo bawa likipinda kompyuta inadhani ndege nzima imeinua pua, inakimbilia kuishusha, ikishusha bawa linapinda upande wa pili, kompyuta inadhani tena hivo hivo, na kila ikijibu inakuwa imeshachelewa kidogo? Hapo nilikuelewa haraka kuliko ulivodhani. Ni kama umempa usukani kijana asiyejua, chombo kinaenda kushoto yeye anavuta kulia kikiwa kimeshaanza kurudi chenyewe, basi anakiyumbisha zaidi kuliko hata bahari inavokiyumbisha. Upepo ulikuwepo ndio, upepo lini haupo?

Sikia kitu ambacho hata mama yako hajui. Mwaka 1988 nlikuwa navua na ngalawa ya mzee mmoja hapa hapa, foromali yake, ule mti unaoshika tanga, ilikuwa nyembamba, kusi likikaza inapinda mpaka unaona kama itavunjika. Mi na ujana wangu nikaona huo ni ubovu, nikamshawishi mzee tuweke mti mnene, mgumu, usiopinda. Siku ya tatu tukiwa nje kidogo ya Msanga Mkuu likaja wimbi la upepo, ile foromali haikupinda hata kidogo, nguvu yote ikateremkia kwenye mlingoti na mlingoti ndo ukakatika. Ile nyembamba ingepinda, tanga likamwaga upepo, tungetukanana kidogo tukaendelea na safari. Tulivorudi mzee akaniuliza imekuwaje, nikamwambia dharuba tu mzee, dharuba kubwa haijapata kutokea. Akaamini. Wiki mbili baadae akaweka mti ule ule mgumu kwenye ngalawa yake ya pili. Yakawakuta yale yale, vijana wawili wamelala juu ya ndubi, lile gogo la ubavuni mwa ngalawa, usiku kucha, mmoja mkono haujanyooka mpaka leo na we unamjua, kila Idi anakuletea tende. Sijawahi kumwambia.

Ndo maana mwaka juzi nlivopanda bombadia kwenda Dar, ndege imeingia kwenye mawingu usawa wa Rufiji, bawa linatetemeka juu ya dirisha langu, jirani yangu anasoma dua kwa sauti, mi nikasema moyoni acha litetemeke. Bawa lisilopinda kabisa ningeliogopa zaidi. Nlivokupigia ukacheka, ukaniambia mabawa ya Dreamliner angani yanapinda juu hata kwa macho unaona, na bawa likiwa refu na jembamba ndege inakula mafuta kidogo, ila likizidi wembamba na laini upepo unaweza kulichochea litikisike zaidi na zaidi mpaka livunjike, mnaita flata. Unaona nakumbuka.

Na ukanisimulia ile ndege Helios ya NASA, wale wa mambo ya anga wa Marekani, bawa tupu la mita 75, inaenda kwa sola, inaendeshwa na watu walio chini, 2001 ikafika karibu mita 29,500 kwenda juu. Afu tarehe 26 Juni 2003 huko Hawaii ikaingia kwenye upepo wa kuyumbayumba, bawa likajikunja kama upinde na halikurudi, ndege ikaanza kuchezesha pua juu chini, mwendo ukapita kiasi, ngozi ikachanika na vipande vikaishia baharini. Wale wangeweza kuandika upepo wakalala. Wao wakachunguza, wakaandika kwamba mahesabu waliyotumia hayakutosha kuonyesha bawa laini, hewa na usukani vinavoshikana, na wakashauri zitafutwe njia bora zaidi. Sasa we niambie, hiyo kazi mnayofanya kwenye maabara yenu inatoka wapi kama si kwenye ripoti kama ile?

Kwahiyo kesho nenda kwa profesa wako, we ndo uongee kabla hao wenzio hawajaongea. Sema sensa ilikaa wapi, na ni nani aliyeifunga, hata kama ni wewe. Akifoka mwache afoke, yule mzee wangu angenifokea siku moja tu yakaisha.

Mi Ijumaa baada ya swala ntapita kwa yule wa tende. Sijui ntaanzaje, lakini ntapita.

Mama yako anauliza huko mnapata samaki wa kukausha au akutumie. Na ile video nitumie tena, mdogo wako ameifuta akipunguza vitu kwenye simu.

Baba'ako