Kituo kimoja hakionyeshi kitovu cha tetemeko

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maelezo kuhusu habari fupi iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako, iliyosema kwamba mpima mitetemo mmoja wa ridhaa alinasa tetemeko dogo la ardhi kwa chombo chake, akataja mahali hasa kilipokuwa kitovu chake, na akalipa ukubwa wa 2.37 katika kipimo cha Richter. Mimi nami ni mpima wa namna hiyo hiyo. Sina shahada ya sayansi ya dunia. Nina chombo kimoja kilichowekwa chini ya ngazi, kompyuta ndogo inayokihudumia, na mazoea ya kukagua mistari ya mawimbi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Sina ugomvi na mwenzangu huyo, kwa kuwa makosa aliyoyafanya nimeyafanya yote kabla yake. Ninachotaka kusema ni kwamba rekodi ya chombo kimoja kama vyetu inaweza kutuambia tetemeko lilikuwa umbali gani, lakini haituambii lilikuwa upande gani, na msomaji anayepewa jina la mahali pamoja na tarakimu mbili baada ya nukta anapewa uhakika ambao chombo chenyewe hakikuwa nao.

Nitaeleza kwa kutumia rekodi moja ninayoifahamu vizuri. Usiku mmoja, saa 9:14, mstari uliokuwa umetulia kwa muda mrefu uliruka ghafla. Mruko wa kwanza ulikuwa mdogo na mkali, ukafuatwa na mtikisiko mwembamba wa haraka haraka. Halafu, sekunde 4.6 baadaye, mstari ukavimba kiasi cha mara tatu ya ulivyokuwa, mawimbi yakawa mapana zaidi, na kuanzia hapo yakafifia polepole mpaka, baada ya sekunde 40 hivi, yakamezwa na mitetemo ya kawaida ya usiku. Umbo hilo, yaani kishindo kidogo, kishindo kikubwa, kisha mkia mrefu unaokonda, ndilo la tetemeko dogo la karibu, na mtu akishaliona mara kadhaa halisahau. Mlango unaobamizwa hauna mkia wa namna hiyo, na lori linalopita huanza kwa kunong'ona, hukua, kisha hupungua, bila mwanzo unaoweza kuwekewa alama.

Mruko wa kwanza ni wa mawimbi ya msingi, ambayo hufupishwa kwa herufi P, nayo hubana na kuachia mwamba kuelekea kule kule yanakokwenda, kama sauti inavyofanya hewani. Kishindo cha pili ni cha mawimbi ya S, ambayo hutikisa mwamba kwa kukingama njia yake na ambayo hayapiti kabisa katika kimiminika. Katika miamba migumu ya sehemu ya juu ya gamba la dunia, P husafiri karibu kilomita 6 kwa sekunde na S karibu kilomita 3.5. Huondoka pamoja kwenye chanzo, lakini kadiri safari inavyorefuka ndivyo S anavyozidi kuachwa nyuma, na hesabu ikifanywa inaonekana kwamba kila sekunde moja ya pengo kati yao ni sawa na takriban kilomita 8 za umbali. Mjapani Fusakichi Omori aliiwekea njia hii fomula zaidi ya miaka 100 iliyopita, na uzuri wake mkubwa kwetu sisi wa ridhaa ni kwamba haijali kama saa ya kompyuta imetangulia au imechelewa, maana tunachopima ni tofauti ya nyakati mbili zilizoandikwa na saa ile ile. Pengo langu la sekunde 4.6 likizidishwa kwa 8 linatoa kilomita 37 hivi.

Hapo ndipo elimu ya kituo kimoja inapokomea, na hata hiyo si safi kama inavyoonekana. P huingia katika utulivu, kwa hiyo mwanzo wake huonekana wazi. S huingia juu ya mkia wa P ambao bado unatetemeka, na ndiyo maana wapima wawili wakipewa karatasi ile ile wanaweza kutofautiana kwa nusu sekunde bila yeyote kati yao kuwa mzembe. Nusu sekunde ni kilomita 4. Isitoshe, kilomita 37 ni umbali kutoka kwenye chombo hadi kwenye kiini cha tetemeko chini ya ardhi, wala si hadi kwenye kitovu kilicho juu yake. Kiini kikiwa kwenye kina cha kilomita 20, kitovu kitakuwa umbali wa kilomita 31 tu juu ya ramani, na kituo kimoja hakina njia nzuri ya kujua kina hicho. Zaidi ya yote, kilomita 37 za upande gani? Nikichukua bikari na kuchora duara kwenye ramani, mzingo wake unazidi kilomita 230, na tetemeko lingeweza kutokea mahali popote juu ya mstari huo. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilikuwa nikichora duara, kisha natafuta juu yake mahali penye ufa wa ardhi unaojulikana au mji wenye jina kubwa, na hapo naweka nukta yangu kwa furaha. Nashuku mwenzangu amefanya hivyo hivyo.

Wapo watakaosema kwamba chombo chenye vihisi vitatu, kimoja cha juu na chini na viwili vya mlalo, kinaweza kukisia upande ambako wimbi la P limetoka. Ni kweli kwa tetemeko lenye nguvu, ambalo mruko wake wa kwanza unajitokeza waziwazi juu ya kelele. Kwa tetemeko dogo mruko huo mara nyingi unakaribiana na kelele za nyumba, na tabaka laini za juu ya ardhi huyapinda mawimbi yakafika karibu wima kutoka chini, hivi kwamba vihisi vya mlalo haviambulii kitu cha maana. Dawa yake ni vituo vingine viwili au zaidi, vyenye saa zinazokubaliana; na hapa ndipo saa inapokuwa na thamani, kwa sababu anayelinganisha nyakati za kufika kwa P katika vituo mbalimbali hukosea karibu kilomita 6 kwa kila sekunde ambayo saa moja imepotoka. Mwanasayansi Andrija Mohorovičić, alipogundua mpaka ulio chini ya gamba la dunia kutokana na tetemeko la Oktoba 8, 1909 nchini Kroatia, hakufanya hivyo kwa karatasi ya chombo kimoja. Alikusanya rekodi kutoka vituo vingi vya Ulaya na kuzipanga kwa umbali, na ndipo akaona kwamba kuna mawimbi ya P yanayofika mara mbili.

Nije kwenye ile 2.37. Charles Richter alipoanzisha kipimo chake mwaka 1935 huko California, alikifunga kwenye chombo maalumu cha Wood na Anderson: tetemeko linaloisukuma kalamu ya chombo hicho milimita 1 likiwa umbali wa kilomita 100 lina ukubwa wa 3, na kila mruko ukizidi mara kumi, ukubwa unapanda kwa 1. Vyombo vyetu si vya namna hiyo. Chombo changu ni geofoni ya herzi 4.5 (herzi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), yaani koili inayocheza kwenye sumaku, ambayo hupima kasi ya ardhi na si umbali iliosogea, na husinzia kwa mawimbi ya taratibu yaliyo chini ya herzi hizo. Lazima kwanza nigeuze nilichopima kiwe kile ambacho chombo cha Richter kingekipima, kisha nisahihishe kwa umbali, ambao nao una kosa lake. Halafu kuna sakafu. Mwanzoni geofoni yangu ilikaa juu ya mbao. Nilipoihamishia kwenye zege lililomwagwa moja kwa moja juu ya udongo, mitikisiko inayotoka chanzo kile kile na umbali ule ule ilipungua karibu nusu. Nusu hiyo peke yake, katika hesabu ya Richter, ni tofauti ya 0.3. Mtu ambaye sakafu yake inaweza kumpotosha kwa 0.3 hana haki ya kuandika 0.07, na mimi nilishaandika hivyo mara nyingi.

Chanzo kile kile nilichokitaja kilikuwa machimbo ya mawe yanayopasuliwa kwa milipuko, na kisa chake kinanitia aibu mpaka leo. Kwa muda wa miezi miwili niliorodhesha mitetemo 11 iliyofanana kama mapacha, nikawatangazia jamaa na majirani kwamba kuna ufa umeamka. Nilikuwa nimesoma kwamba mlipuko husukuma mwamba kwenda nje pande zote, kwa hiyo mruko wake wa kwanza huelekea juu kwenye kila kituo, ilhali tetemeko husukuma upande huu na kuvuta upande ule, kwa hiyo mahali pengine mruko huanza kwa kushuka. Mitetemo yangu yote ilianza kwa kushuka. Nikajiona nimeshika ushahidi usiopingika. Siku nilipopanga orodha kwa saa badala ya tarehe, nikaona kwamba yote 11 ilitokea kati ya saa 6 na saa 9 mchana, na hakuna hata mmoja wa Jumapili. Nikaenda chini ya ngazi, nikainua geofoni kidogo kwa kidole, na mstari ukashuka badala ya kupanda: nyaya zake mbili nilikuwa nimeziunganisha kinyume tangu siku ya kwanza. Baada ya kuzirekebisha nilianza pia kuona yale ambayo hapo awali sikutaka kuyaona, kwamba S ya mitetemo ile ilikuwa dhaifu, na nyuma yake lilifuata wimbi pana la juu ya ardhi ambalo hupata nguvu pale chanzo kinapokuwa karibu sana na uso wa dunia. Lakini niongeze tahadhari kwa wenzangu: mruko wa kwanza unaokwenda juu haujathibitisha mlipuko, kwa kuwa tetemeko nalo linaweza kuanza hivyo kutegemea upande kilipo chombo; mruko unaokwenda chini waziwazi, nyaya zikiwa sawa, ndio unaotuambia kwamba si mlipuko.

Habari yenu ilimalizia kwa kuuliza kama tetemeko hilo dogo ni dalili ya kubwa linalokuja. Mwanasayansi Gutenberg pamoja na Richter walionyesha zamani kwamba kwa kila hatua moja ya ukubwa tunayoshuka, matetemeko huongezeka karibu mara kumi, kwa hiyo madogo ya ukubwa wa 2 ni mengi mno na karibu yote hupita bila kufuatwa na lolote. Lile linaloitwa kitangulizi hupata jina hilo baada ya kubwa kutokea. Kabla ya hapo halina alama yoyote kwenye mstari inayolitofautisha na mengine.

Kwa hiyo, Mhariri, sikuombi uache kuchapisha habari zetu. Sisi wa ridhaa tunanasa mitetemo midogo katika maeneo yaliyo mbali na vituo rasmi, na rekodi moja ya karibu inaweza kuwasaidia wataalamu kupata kina ambacho vituo vya mbali haviwezi kukipata. Ninachoomba ni kwamba mwandishi wako anapopigiwa simu na mmoja wetu aulize pengo kati ya P na S lilikuwa sekunde ngapi, chombo kimekaa juu ya nini, na kama kuna kituo kingine kilichonasa tukio hilo hilo. Kama hakuna, basi gazeti liandike umbali wa takriban bila jina la mahali, ukubwa wenye tarakimu moja tu baada ya nukta, na saa ya tukio, ili mwingine mwenye chombo aweze kuutafuta mstari wake wa dakika hiyo. Picha ndogo ya rekodi ikichapishwa pamoja na habari, hata kwa upana wa safu moja, wasomaji wataweza kulipima pengo hilo wenyewe kwa rula. Rekodi yangu ya saa 9:14 usiku naiambatanisha na barua hii, pamoja na duara lake, nawe una ruhusa ya kuitumia.

Wako mwaminifu,

Mpima mitetemo wa ridhaa