Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa vyeo vya karatasi

Wanachama wenzangu, salamu na poleni na majukumu. Vikao na ada mweka hazina kaviandika vizuri kwenye karatasi yake, mimi naenda moja kwa moja kwenye kilichotusumbua mwaka mzima, yaani vyeo.

Mnakumbuka wenzetu wa kitengo kimoja walipewa barua kwamba kuanzia sasa nyie ni masupavaiza. Wakafurahi, nani hapendi kupanda. Mshahara ule ule, kazi ile ile, hawaajiri, hawafukuzi, hata ruhusa ya siku moja hawawezi kumpa mtu. Mwezi uliofuata makato yao ya ada yakasimama, kuuliza wakajibiwa nyie sasa ni menejimenti na menejimenti haikai chama kimoja na wafanyakazi. Kosa langu nilikiri hapa: mmoja aliniletea ile barua kabla hajasaini, nikamwambia hongera.

Kundi la pili ndo baya zaidi. Hao waligeuzwa makandarasi, eti kila mtu anajitegemea, huku zamu anapangiwa, sare anavaa na akichelewa anakatwa. Sasa mtu anayejitegemea anachelewa kwa nani?

Mchezo huu sio mpya jamani. Marekani sheria ya 1935 iliwapa wafanyakazi haki ya kuungana ila ikawaacha nje wa mashambani na wa majumbani, halafu 1947 wakatolewa masupavaiza na makandarasi. 1980 mahakama yao ya juu ikasema wahadhiri wa chuo kikuu kimoja ni mameneja kwa sababu wanaamua mambo ya masomo, profesa akawa bosi bila kujua. Uingereza nako, Februari 2021 madereva wa Uber, ile kampuni ya teksi za kuita kwa simu, walishinda mahakama ya juu ya huko wakatambuliwa kuwa wafanyakazi, lakini Novemba 2023 mahakama ile ile ikawakatalia wapeleka chakula wa kampuni ya Deliveroo wasilazimishe majadiliano kupitia chama chao, na sababu kubwa ni kwamba mkataba unawaruhusu kumtuma mtu mwingine afanye kazi badala yao. Kifungu kimoja tu hicho! Ndo maana nawasumbua msome mikataba hadi mwisho.

Upande wetu tunacho cha kushika. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1948, unasema wafanyakazi wote bila ubaguzi wowote wana haki ya kuunda na kujiunga na chama wanachotaka, jeshi na polisi tu ndo wameachiwa sheria za nchi. Na pendekezo lao namba 198 la 2006 linasema uhusiano wa kazi uangaliwe kwa kazi inavyofanyika na malipo yanavyolipwa, sio kwa jina mlilopeana kwenye karatasi.

Tukafanya hivyo hivyo. Kila "supavaiza" aliandika kwa mkono wake alichofanya wiki nzima, siku kwa siku, nani kampa amri, nani kasaini ruhusa yake. Tukapeleka kwa mwajiri zile karatasi, hakuna hata moja iliyoonyesha mtu katoa adhabu au kapanga mshahara wa mwenzake. Kikao kilikuwa kifupi kuliko nilivyotegemea, makato yakarudi isipokuwa kwa wachache ambao kweli wanasimamia watu, na hao nadhani mwajiri ana hoja, sitawadanganya.

Makandarasi bado. Mwajiri hataki hata kukaa nao, na aibu ni kwamba katiba yetu wenyewe inasema mwanachama ni "mwajiriwa wa kudumu", kwa hiyo tunampigia kelele mwajiri kwa kuwafungia mlango ambao na sisi tumeufunga. Kifungu hicho kiandikwe upya kisomeke "mtu yeyote anayefanya kazi hapa", kamati imeshakubaliana, katibu atagawa nakala sasa hivi na kura tunapiga kabla ya mahesabu.