Harambee ya kitabu cha watoto: mzee wa Five Ways

Ndugu wazazi, walezi na marafiki wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi hapa Birmingham,

Salamu nyingi. Majuzi tuliwapeleka watoto Five Ways kuiona sanamu ya mawe ambayo wengi wetu tunaipita na basi kila siku. Juu amesimama mzee, mkono wa kulia juu ya Biblia. Chini yake, ubavuni, mwanamke amewakumbatia watoto wawili wenye sura ya Kiafrika. Binti mmoja wa darasa la wadogo akauliza, "Mwalimu, mbona hawa wanafanana na sisi?" Jibu tulimpa, lakini la juujuu. Ndiyo maana tunawaandikia.

Mzee huyo ni Joseph Sturge, mfanyabiashara wa nafaka aliyehamia mjini hapa mwaka 1822 na baadaye akawa diwani. Alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Quaker. Kwa kuchukia ulevi aliacha biashara ya shayiri ya kutengenezea pombe.

Lakini lililomkosesha usingizi ni utumwa. Mwaka 1834 Uingereza ilitangaza kwamba watumwa wa Karibi wako huru, kisha ikawafunga upya kwa jina la uanagenzi: kazi ileile, bwana yuleyule. Sturge alipanda meli kwenda kujionea. Huko Jamaica alimkuta kijana James Williams, akalipa fedha za kumkomboa, akaja naye Uingereza. Williams akasimulia aliyoyapitia: viboko, jela, na kile kinu cha adhabu kinachozungushwa kwa miguu, ambacho mfungwa akipitwa na kasi yake ananing'inia kwa mikono huku vipago vikimgonga miundi. Simulizi hiyo ilichapwa mwaka 1837 na kuwachoma watu mioyo. Tarehe 1 Agosti 1838 uanagenzi ukakoma, miaka 2 kabla ya muda uliopangwa.

Mwaka uliofuata Sturge alishiriki kuanzisha chama cha kupinga utumwa popote duniani. Yeye alifariki mwaka 1859, lakini chama kiliendelea, na kilipaza sauti kuhusu pwani yetu pia, kabla na baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873. Kwa hiyo yule binti hakukosea.

Sanamu yenyewe ni tunda la michango ya watu. Ilizinduliwa tarehe 4 Juni 1862 mbele ya umati uliokadiriwa kuwa 12,000. Mchongaji wake, John Thomas, hakuiona siku hiyo. Alifariki miezi miwili kabla.

Kuna jambo moja linalotuuma, nasi tunalisema wazi. Katika mawe yale Mwafrika ni mtoto mchanga anayebembelezwa tu. James Williams, aliyesema kwa kinywa chake hadi sheria ikatikisika, hayupo. Tunamheshimu Sturge kwa dhati, na kwa sababu hiyohiyo tunataka watoto wetu wawajue wote wawili.

Tunaandaa kitabu kidogo chenye picha, kwa Kiswahili na Kiingereza, ambamo Williams atakuwa na kurasa zake. Maandishi yako tayari. Walimu wameyaandika bure. Fedha zinahitajika kwa mchoraji na mpiga chapa: paundi 1,400 kwa nakala 300. Kila mtoto wa darasa apate yake, zinazobaki tuzipeleke kwenye shule wanazosoma siku za wiki. Tunaomba angalau paundi 10 kwa kila familia. Mwenye zaidi asisite, na asiye nacho mwezi huu aje tu, kuna kukunja karatasi na kupika chai.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana, ukumbini tunamosomea. Mkabidhini mweka hazina mkononi naye atawaandikia risiti. Akina mama wa mapishi wameahidi sambusa na mahamri. Kila kitakachouzwa kitaingia mfukoni mwa kitabu.

Nakala ya kwanza itasomwa palepale Five Ways, chini ya sanamu, na tumekwisha kumwambia yule binti ajiandae: ukurasa wa James Williams ni wake.