Msing'oe gia za baiskeli za mtumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na mafundi wenzangu, na wenye baiskeli za mtumba pia. Baiskeli ya gia 6 au 7 hununuliwa ikiwa nzima. Siku kibadilishio cha kwenye usukani kinapoacha kushika, fundi hukata waya, hufunga cheni kwenye sproketi moja, yaani gurudumu moja la meno la nyuma, na kumwambia mwenye mali kwamba gia zimekufa. Kwa mtu anayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho na kiroba cha unga cha kilo 25 kwenye keria, hiyo si hasara ndogo.

Kabla ya kuhukumu, fungua nati inayobana waya kule nyuma kwenye direla, ule mkono unaohamisha cheni. Shika ncha ya waya, ivute kwa mkono ikaze, huku mwingine akibonyeza kibadilishio. Ukisikia "tak, tak" na waya ukasogea hatua kwa hatua, kibadilishio ni kizima: tafuta kosa kwenye waya, kava lake au direla yenyewe. Kidole kikipita bure bila kushika chochote, kama mlango usio na komeo, ndipo uangalie ndani.

Na ndani, mara nyingi hakuna kilichovunjika. Kibadilishio cha kubonyeza kina vikomeo vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba vidondokee kwenye meno. Grisi ya kiwandani ikikaa miaka mingi hugeuka kuwa kama gundi, vikomeo vinanata, springi haina nguvu ya kuvirudisha. Dawa yake ni mafuta ya taa. Weka kibadilishio kwenye namba ya juu kabisa, ile ya sproketi ndogo, ili waya ulegee. Toa kiskrubu au kizibo cha mpira, kisha usukume waya utoke nje, kichwa chake kikitangulia. Vuta mililita 10 za mafuta ya taa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ingiza kupitia tundu la waya na kila mwanya, bonyeza vitufe vyote viwili mara 30 au 40. Yatakayotoka mwanzoni ni meusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Rudia mpaka yatoke safi, acha yakauke, kisha dondosha matone 5 au 6 ya oili ya cherehani. Usipake grisi nzito tena, maana ndiyo iliyoleta ugonjwa. Fanya kazi hii mbali na jiko, na mafuta yasiguse rimu wala mpira wa breki.

Usifungue kasha la kibadilishio kwa bisibisi. Springi ya ndani imekunjwa kwa nguvu; ikiruka, kuirudisha ni kazi ya siku nzima. Kibadilishio cha aina ya kuzungusha kwa mkono ni plastiki karibu chote, kwa hiyo kioshe kwa maji ya sabuni, si mafuta ya taa.

Kikiwa kimekufa kweli, meno yamelika au springi imekatika, hesabu sproketi za nyuma kabla ya kwenda dukani. Hapa ndipo makosa yanapofanyika sana. Kwa mfumo wa Shimano wa zamani, sproketi za gia 6 zimeachana kama milimita 5.5, za gia 7 milimita 5. Ukifunga kibadilishio cha gia 6 kwenye sproketi 7, kila mbofyo unazidisha nusu milimita. Ukifika wa tatu umekosea milimita moja na nusu, cheni inakwaruza na kuruka. Hakuna skrubu itakayorekebisha hilo. Ukikosa kinacholingana, chukua kile cha zamani cha kidole gumba kisicho na mibofyo, kinachoshikilia kwa msuguano tu. Kinakubali sproketi 5, 6 au 7. Gia ikijirudisha yenyewe mlimani, kaza skrubu yake robo mzunguko. Mimi naona kwa baiskeli ya kazi hicho ndicho bora, kwa sababu hakina cha kunata.

Waya nao una lake. Waya wa gia ni milimita 1.2, wa breki ni 1.5 au 1.6, na kichwa cha wa breki hakikai kwenye kibadilishio. Kava la breki limesokotwa kama springi, hivyo hujibana likivutwa na gia hazitulii. Kava la gia lina nyuzi za chuma zilizonyooka kwa urefu. Msilitumie kwenye breki kamwe: mtu akikamata breki kwa nguvu linaweza kupasuka, naye yuko mteremkoni.

Kufunga: cheni iwe sproketi ndogo, kirekebishio cha direla, kile cha kuzungusha kwa vidole pale waya unapoingia, kikazwe mpaka mwisho kisha kirudishwe mizunguko miwili. Vuta waya kwa plaizi, kaza nati. Bofya mara moja. Cheni isipopanda ya pili, fungua kirekebishio robo mzunguko; ikipitiliza kwenda ya tatu, kaza robo. Mwisho jaribu sproketi kubwa polepole kwa mkono, na skrubu yenye herufi L izuie direla isiguse spoku.

Wenye maduka ya vipuri, ombi langu kwenu ni dogo: wekeni waya wa 1.2 na kava lake la milimita 4 kando na vya breki, na mteja akija mwulizeni ana sproketi ngapi.

Fundi baiskeli,
Moshi