Yah: Malalamiko kuhusu safari ya siku moja ya wawili, kula na kunywa, Portland, Jamaica

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Wakala wa Safari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni mke na mume tulionunua kwenu safari hiyo mwezi Mei, tukiwa tumefikia Ocho Rios. Sote tunafanya kazi ya hoteli, mmoja jikoni na mwingine baa, hivyo tunaandika kama watu wa kazi kwa watu wa kazi. Kijitabu chenu cha Kiswahili kinaahidi "siku ya utulivu, bila haraka, mle na mnywe kama wenyeji". Tulichopewa ni mbio za barabarani, chakula cha njia ya mkato na pombe isiyopimwa. Chanzo ni kimoja: aliyepanga siku hiyo hakuhesabu saa, na vyakula vya Jamaica havikubali kuharakishwa.

Tuhesabu pamoja. Mnachukua wageni saa 3 asubuhi na kuwarudisha saa 11 jioni, yaani saa nane. Ocho Rios hadi Port Antonio, mji wa Portland, kwa barabara ya pwani ya kaskazini ni kama saa mbili kwenda na mbili kurudi. Chelezo cha mianzi kwenye mto Rio Grande, kuanzia Berrydale hadi Rafter's Rest, kinataka saa mbili na nusu, na tatu zikiwa na kituo cha kula. Boston Bay iko mashariki ya Port Antonio, karibu nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Jumla ni saa saba na nusu. Inabaki nusu saa ya kifungua kinywa, chakula cha mtoni na kuku wa kuchoma wa Boston. Dereva angekuwa hodari vipi, hesabu hii haifungi.

Matokeo yake kifungua kinywa kililiwa ndani ya basi, kwenye maboksi ya plastiki. Chelezo hakikusimama pale mtoni ambapo akina mama hupika kwenye kingo, ingawa kituo hicho kimechapwa kwenye kijitabu na tumekilipia. Tunaomba nahodha wa chelezo asilaumiwe hata kidogo. Alisimama mbele na upondo wake kwa ustadi, na alitueleza kwa heshima kwamba ameagizwa asisimame.

Sasa akii. Hili ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu linagusa uhai wa watu. Ukurasa wenu wa kifungua kinywa una picha ya tunda la akii jekundu, limefumba kabisa, na chini yake maneno kwamba wageni "watachuma wenyewe mtini na kuonja papo hapo". Ukurasa huo uondolewe leo. Tunda la akii ambalo halijafunguka lenyewe mtini lina sumu iitwayo hypoglycin. Sumu hiyo huuzuia mwili kutengeneza sukari yake, mtu hutapika, sukari ya damu hushuka ghafla, na watu wamekufa kwa hilo. Kulichemsha tunda bichi hakulifanyi kuwa salama, na kulipasua kwa kisu ili lionekane limefunguka ni hatari ileile. Kila mama wa Kijamaika anajua utaratibu: ungoja tunda litanuke mtini mpaka mbegu tatu nyeusi zinazong'aa zionekane, ulichume, utupe mbegu, utoe kwa uangalifu ule utando mwekundu uliojificha kwenye mkunjo wa nyama ya njano, uchemshe, na maji umwage. Mgeni wa Dar es Salaam hawezi kujua haya, na mwongozaji wenu wa siku ile tulipomuuliza hakuweza kuyaeleza.

Akii tuliyopewa ilikuwa ya kopo, na kwa usalama hatuna neno nayo. Tatizo lilikuwa upishi. Akii ya kopo imeshaiva kiwandani. Huingia sufuriani mwishoni kabisa, baada ya vitunguu, nyanya, pilipili na samaki, inapashwa dakika tatu hadi tano, na inageuzwa kwa kutikisa sufuria, bila kukoroga na mwiko. Ya kwenu ilikuwa imekorogwa mpaka ikawa uji wa njano. Samaki naye, yule ng'onda anayeambatana nayo, alikuwa chumvi tupu. Samaki huyo hulowekwa usiku kucha, maji yakibadilishwa, kisha huchemshwa kama dakika 20 na kuonjwa kabla ya kuchambuliwa. Kwa watu wawili inatosha gramu 250 za samaki na kopo moja la gramu 540. Gharama yake ni ndogo, kinachotakiwa ni mtu wa kukumbuka kuloweka jana yake. Pembeni mngeweza kuweka shelisheli la kuchoma na callaloo, ambayo kule Jamaica ni mchicha wetu huuhuu. Mtanzania angejisikia yuko nyumbani na ugenini kwa wakati mmoja. Badala yake kulikuwa na mkate wa dukani.

Tuje kwenye kuku wa jerk, yaani aliyepakwa viungo vikali na kuchomwa kwa moshi, ambaye ndiye sababu ya watu kwenda Portland. Boston Bay inajulikana kwa upishi huu, na kijitabu chenu kimeitaja kwa jina. Sisi hatukufika. Basi lilisimama kwenye mgahawa mliouingia mkataba, kabla hata ya kufika Port Antonio, na tukaambiwa "ni kuku yuleyule". Hakuwa yuleyule. Ngozi ilikuwa laini na rangi moja ya kahawia kila upande, dalili ya rangi ya chupa. Tulipolikata paja, nyama ilikuwa nyeupe mpaka mfupani, haina chembe ya moshi, na mchuzi wa pilipili ulikuwa juu ya ngozi tu, unafutika kwa kidole. Kuku huyo alichemshwa kwanza, akapitishwa kwenye oveni, akamwagiwa mchuzi.

Kuchemsha ndiko kunakoharibu. Maji hutoa mafuta ya ngozi na ladha ya nyama, na nyama ikishaiva haipokei viungo tena, vinabaki juu. Jerk hufanywa kinyume chake. Kuku wa kilo moja na nusu hupasuliwa mgongoni na kubandazwa. Hupakwa rojo la vijiko viwili vya chakula vya punje za pimento (kiungo cha Jamaica chenye harufu ya karafuu) zilizotwangwa, pilipili mbuzi tatu, majani ya vitunguu, thaimu, tangawizi, kungumanga kidogo, kijiko cha chumvi na maji ya ndimu. Rojo lisuguliwe mpaka chini ya ngozi. Akae humo usiku mzima, pungufu ya hapo ni kupaka rangi. Kisha analazwa juu ya vijiti vya mti wa pimento, mkaa ukiwa chini na moto umetulia, anafunikwa kwa bati, anageuzwa mara chache kwa saa moja hadi saa moja na robo. Paja likifika nyuzi 74 kwenye kipimajoto, ameiva. Moto ukiwa mkali, ngozi inaungua na mfupani bado damu, na mpishi mwenye haraka hukimbilia kumchemsha kuku ili kukwepa kosa hilo.

Kuni nazo si pambo. Punje, majani na kuni za pimento zina mafuta yaleyale yaliyomo kwenye karafuu, yaitwayo eugenol, na moshi wake ndio unaobeba harufu ya jerk. Mtu aliyekulia karibu na karafuu za Pemba angeitambua harufu hiyo kabla hajashuka kwenye gari. Mmemnyima mteja wenu raha ambayo angeielewa kuliko mtalii mwingine yeyote.

Vitafunio vya kando vilipoa. Festival, ile andazi ndefu ya unga wa ngano na sembe, inakuwa ngumu ikikaa. Ikaangwe mteja akiwa ameketi. Bami ya mhogo ililetwa kavu kwa kuwa haikulowekwa kwenye tui kabla ya kukaangwa.

Kuhusu vinywaji, hapa anaandika yule wa baa. Panchi ya ramu ililetwa kwenye ndoo ya plastiki yenye bomba, tangu asubuhi, barafu ikiwa humohumo. Visiwa vya Karibi vina kanuni ya zamani ya panchi inayojulikana na kila mtu: kimoja cha uchachu, viwili vya utamu, vitatu vya ukali, vinne vya ulaini. Kwa glasi ya mililita 300 hiyo ni mililita 30 za ndimu, 60 za shira, 90 za ramu na 120 za maji au juisi. Kanuni hiyo inafaa kwa ramu ya asilimia 40. Kwenye ndoo yenu iliingia ramu nyeupe kali ya Jamaica, ambayo ni asilimia 63, tuliona chupa. Kwa kipimo kilekile, glasi moja inabeba karibu mililita 57 za pombe halisi, ambayo ni zaidi ya chupa mbili za nusu lita za bia ya asilimia 5. Utamu na ubaridi vinaificha. Mtu anakunywa glasi ya pili kwa kiu ya jua, akiwa hajala, kisha anapandishwa kwenye chelezo mtoni. Hilo ni jambo la kuuguza au kuzamisha mtu.

Halafu barafu. Kadiri ilivyoyeyuka, panchi ikawa maji, na mhudumu akawa anaongeza ramu na shira kwa jicho. Glasi ya saa 4 na glasi ya saa 8 zilikuwa vinywaji viwili tofauti, na hakuna aliyejua kilichomo. Dawa yake ni rahisi. Changanyeni ndimu, shira, juisi na ramu bila barafu, mhifadhi kwenye baridi, barafu iwekwe ndani ya glasi wakati wa kumimina, na kungumanga ikunwe juu palepale. Mkitumia ramu ya asilimia 63, punguzeni iwe mililita 45 kwa glasi na mjazie kwa juisi. Hapo glasi moja inakuwa sawa na chupa moja ya bia na kidogo. Toti ya kupimia iwepo, na panchi yenye pombe isianze kabla watu hawajashuka kwenye chelezo.

Kwa asiyekunywa pombe, na wateja wenu wengi hawanywi, kijitabu kinaahidi sorel na dafu. Sorel ya Jamaica ni choya tunayoijua sisi, ikichemshwa na tangawizi. Ikikauka huhifadhika, hivyo kisingizio cha msimu hakipo. Dafu nalo limejaa kando ya barabara nzima ya Portland. Kilichokuwepo ni soda ya machungwa, ya moto.

Kahawa tutaigusa kidogo tu. Mmeandika Blue Mountain, na pakiti tuliyoiona ilikuwa ya mchanganyiko. Jina hilo linalindwa: ni kahawa ya milima ya mashariki ya Jamaica, kati ya mita 910 na 1,700, na ina vyeti vyake. Kama bei haitoshi, andikeni kahawa ya Jamaica. Itanyweka vizuri na mtakuwa mmesema kweli.

La mwisho ni kamba koche wa kuchoma wa jioni, "waliovuliwa siku hiyo". Uvuvi wa kamba koche Jamaica hufungwa tarehe 1 Aprili hadi 30 Juni ili wazaliane. Safari yetu ilikuwa Mei. Ama ahadi hiyo ilikuwa haiwezi kutimizwa, ama ingetimizwa kwa kuvunja sheria ya nchi iliyotukaribisha. Tulipewa kamba wadogo wa barafu bila maelezo, kwa bei ileile. Kwa miezi hiyo mitatu wekeni samaki wa escovitch: changu mzima akaangwe akauke, kisha amwagiwe siki ya moto yenye karoti, vitunguu, pilipili mbuzi na punje za pimento. Ni chakula cha heshima, na mteja hatajuta.

Tunaomba yafuatayo. Tulilipa dola 180 kwa kila mtu, na tunadai turudishiwe nusu, yaani dola 180 kwa sisi wawili, kwa sababu ya kituo cha mtoni kilichofutwa, Boston tusiyofika na kamba koche wasiokuwepo. Ukurasa wa akii uondolewe kwenye kijitabu na kwenye simu za mawakala wenu mara moja, bila kusubiri toleo jipya. Safari yenyewe ama iuzwe pamoja na usiku mmoja wa kulala Port Antonio, ama chelezo kiondolewe kwa wageni wa Ocho Rios. Kwa maoni yetu bora kulala, kwa kuwa mkishalala kule rojo la kuku lina usiku wake, samaki ana maji yake ya kulowekea, na mteja ana asubuhi yake.

Tunategemea majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Tusipoyapata, tutawasilisha malalamiko haya Tume ya Ushindani pamoja na kijitabu chenu na picha. Mwenzenu wa baa yuko tayari kuwaandikia vipimo vya panchi kwa ndoo ya lita 20 bila malipo, mkivihitaji.

Viambatanisho: risiti ya malipo, nakala ya kurasa za kijitabu zilizotajwa, picha za kuku, ndoo ya panchi na pakiti ya kahawa.

Wenu,
Mke na mume, wateja wenu
(majina kamili na namba ya malipo yapo kwenye risiti)