Spika za Kusikilizia Taarab Asilia na Okestra: Usianze na Wati

"Hii ina wati ngapi?" Ndilo swali la kwanza tunaloulizwa dukani karibu kila siku. Kwa mtu anayetaka kufungulia muziki wa sherehe uani, ni swali zuri. Kwa mpenzi wa taarab asilia, au wa okestra za Cairo na Vienna, swali hilo humfanya anunue kifaa kisichomfaa.

Sabufa nyingi zinazouzwa mjini zimetengenezwa ili besi idunde na sauti za juu zilie. Katikati pamepwaya. Na hapo katikati ndipo anapokaa mwimbaji, ndipo zilipo fidla, udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi zinazodonolewa) na nai (filimbi ya mwanzi). Piga bashraf, ule muziki wa ala tupu bila mwimbaji, kwenye sabufa ya namna hiyo: ngoma ya dumbaki utaisikia vizuri sana, lakini fidla nne zitakuwa kama moja, tena iko chumba cha pili. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aliporekodi santuri Bombay mwaka 1928, mitambo ya wakati ule ilinasa sauti za kati tu, za chini sana na za juu sana zikapotea. Kwa rekodi kama hizo sabufa haina cha kukuongezea.

Tunachoshauri ni spika mbili za boksi la mbao, kila moja na spika ya inchi 5 au 6 pamoja na ndogo ya sauti za juu, na amplifaya ya wati 30 kila upande. Kwa sebule ya kawaida zinatosha kabisa, ilimradi ziwe wati za kweli. Zile 10,000 zilizoandikwa PMPO (kilele cha kufumba na kufumbua) kwenye boksi ni za kuuzia. Tafuta palipoandikwa RMS, yaani wati ambazo kifaa hutoa mfululizo, kisha tazama nyuma kifaa kinavuta umeme kiasi gani: kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa maelfu kwenye spika.

Za mtumba kutoka Ulaya au Japani ni nzuri mno kwa muziki huu, na bei yake mara nyingi ni nafuu. Bonyeza taratibu ukingo wa sponji unaozunguka karatasi ya spika. Ukimeguka kama biskuti, spika hiyo inahitaji kufanyiwa kazi kwanza. Joto na unyevu wa pwani huumaliza upesi. Amplifaya ya Japani mara nyingi imeandikwa 100V, na umeme wetu ni 230. Usiichomeke bila transfoma ya kushusha umeme, itaungua papo hapo.

Ukifika nyumbani, usizibandike spika kwenye kona. Zivute mbele kidogo, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, na tandika zulia au mkeka mnene kati yako na spika. Sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi unaochafua sauti ya kanuni kuliko kitu kingine chochote. Besi ikionekana haitoshi, sabufa utaiongeza baadaye, na uifungulie kidogo tu.

Kabla ya kulipa, njoo na flashi yenye rekodi unayoijua vizuri. Tutaipiga kwa sauti ya chini kwanza. Kama hapo bado unaweza kuifuata fidla moja moja, ndipo tuzungumze bei.