Mwanangu Rehema, kabla hujaenda Wales

Mwanangu Rehema,

Mkataba wako nimeusoma mpaka mwisho. Kazi ya kuhudumia wazee, tena Swansea! Hongera, umeitafuta na umeipata. Ila hofu yangu ni ileile: hiyo tabia ya kuitikia "yes" kabla hujaelewa. Umeirithi, na najua kwa nani. Lakini kwa mzee asiyeweza kuinuka peke yake, ni hatari.

Chukua neno moja tu, cwtch. Kusini mwa Wales utalisikia sana. Litamke "kuch", silabi moja, bila kuliongezea irabu mwishoni. W ya Kiwelisi hapo ni u. Wengine huliandika cwtsh. Bibi akisema "give us a cwtch", anataka umkumbatie, na hiyo "us" ni yeye peke yake, usigeuke kutafuta wenzake. "Cwtch up" ni kusogea na kujibanza pamoja. Lakini akisema fagio liko "in the cwtch", anakutuma kwenye kistoo cha chini ya ngazi. Nyumba za zamani za wachimba migodi zilikuwa pia na cwtch ya makaa ya mawe. Hujaelewa ni ipi? Uliza, Rehema. Uliza!

Maana hizo ni za ukoo mmoja. Neno lilianzia kwenye Kifaransa cha kale, couche, mahali pa kulala, likapitia Kiingereza cha Zama za Kati, Wawelisi wakalichukua: pa kujilaza, pa kujificha, hatimaye mikononi mwa mtu. Kochi letu la sebuleni ni la ukoo huohuo. Wakikuhamishia kaskazini, Bangor kwa mfano, usilitegemee, huko halitumiki sana.

Na mzee akikuomba umkumbatie, soma kwanza mpango wake wa huduma. Mwenye nyonga mbovu usimbane kiunoni. Asijivute kwa shingo yako, mtaanguka wote wawili. Asiyeomba, usimshike kwa kukisia, muulize.

Hilo kochi lenyewe sponji imekwisha, fundi anadai hela kila akipita. Usitume chochote kwa ajili yake. Nunua koti la mvua kwanza. Cheti chako cha kipimo cha TB kiko droo ya juu, toa nakala mbili, moja mwachie mama yako. Shangazi yako wa Muheza anakusubiri Jumamosi ukamuage.

Baba yako